Ngiri ya Kinena na Kipimo cha CT: Wakati wa Mkono wa Daktari na Wakati wa Mashine



Tangu Serikali iliponunua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, kipimo ambacho zamani kilikuwa habari ya Muhimbili na hospitali nyingine chache kimeanza kutajwa hata katika vijiwe vyetu vya kahawa. Hilo ni jambo la kushukuru. Pamoja nalo limekuja swali ambalo wananchi wengi hujiuliza: mtu mwenye uvimbe kwenye kinena, je, ni lazima apigwe picha ya CT ndipo ijulikane kama ana ngiri?

Jibu fupi ni kwamba wagonjwa wengi wa ngiri ya kinena hawahitaji CT ili watambuliwe. Mkono wa mtabibu aliyefundishwa, macho yake, na maelezo ya mgonjwa mwenyewe hutosha. Wapo hata hivyo wagonjwa wachache ambao kwao kipimo hicho huokoa maisha. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, kwa sababu kuikosea huleta hasara kwa njia mbili. Yupo anayekaa nyumbani miezi mingi akichanga fedha za kipimo asichokihitaji, na huku ngiri inakua. Yupo pia anayeamini kwamba bila mashine hakuna linaloweza kufanyika, akabaki kitandani hadi utumbo unapobanwa, ukakosa damu na kuoza. Wote wawili wangeweza kusaidiwa mapema kwa gharama ndogo zaidi.

Majina mengi, maradhi tofauti

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, neno ngiri limebebeshwa mzigo mkubwa. Wapo wanaoita ngiri kila maumivu yaliyo chini ya kitovu. Wengine husema mshipa, wengine chango. Uvimbe wa mfuko wa korodani huitwa busha au ngiri maji, na tezi zilizovimba kwenye kinena kwa sababu ya kidonda cha mguu huitwa mitoki. Mtabibu anapomsikia mgonjwa akisema "nina ngiri", hawezi kujua mara moja ni lipi kati ya hayo linalokusudiwa. Ndiyo maana humwuliza maswali mengi na kumwomba avue nguo amtazame.

Kwa maana ya kitabibu, ngiri ni hali ya kiungo cha ndani, au mafuta yanayokizunguka, kupenya katika sehemu dhaifu ya ukuta unaokishikilia. Ukuta wa tumbo umejengwa kwa tabaka za misuli na nyuzi imara. Kwenye kinena, mahali tumbo linapokutana na paja, pana njia nyembamba inayopita katika ukuta huo. Kwa mwanamume, ndiyo njia ambayo korodani ilishukia kutoka tumboni kabla hajazaliwa, na ndimo inamopita hadi leo kamba yenye mishipa ya damu na mrija wa manii. Kwa mwanamke njia hiyo ni nyembamba zaidi, na hii ni sababu mojawapo ya ngiri ya kinena kuwapata wanaume mara nyingi zaidi kuliko wanawake.

Njia hiyo isipojifunga vizuri utotoni, au ukuta ukilegea ukubwani, kipande cha utumbo au mafuta ya tumboni husukumwa kupitia hapo na kutokeza kama uvimbe. Mwanzoni uvimbe hujitokeza mtu anaposimama, anapokohoa au anapobeba mzigo, na hurudi ndani anapolala. Kadiri muda unavyopita tundu hupanuka, na kwa wanaume wengine uvimbe hushuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa maradhi haya usemi huo ni wa kweli kabisa.

Mambo yanayoongeza uwezekano wa kupata ngiri ni pamoja na kuzaliwa kabla ya wakati, kuwa na ndugu wa damu aliyewahi kuipata, umri mkubwa, kikohozi cha muda mrefu, uvutaji wa sigara, kufunga choo, na kukamua mkojo kwa nguvu kutokana na tezi dume iliyovimba. Kazi za kubeba mizigo mizito, ambazo vijana na wazee wetu wengi wanazifanya kandokando ya Barabara ya Morogoro, katika malori, mashamba na machimbo ya mchanga, huweza kuufanya udhaifu uliokwishakuwapo ujidhihirishe na kuleta maumivu.

Tatizo hili ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 1969 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha uchunguzi wa madaktari wawili kuhusu wingi wa ngiri katika kisiwa cha Pemba. Kwa hiyo si jambo geni kwa watu wa pwani, na wala halikuanza leo. Miaka ya karibuni watafiti wa Marekani kwa kushirikiana na madaktari wa upasuaji wa Muhimbili walifanya makadirio ya nchi nzima, yakachapishwa mwaka 2014. Makadirio hayo hayakutokana na hesabu ya nyumba kwa nyumba; yalipatikana kwa kulinganisha takwimu za nje na umri wa Watanzania. Yalionyesha kwamba takriban wanaume wazima 12 katika kila 100 wana ngiri ya kinena, na kwamba watu wazima zaidi ya 680,000 nchini wanasumbuliwa na dalili zake. Watafiti hao walionya kwamba, kwa kasi ya upasuaji iliyokuwapo wakati huo, idadi ya wanaosubiri ingezidi kuongezeka mwaka hadi mwaka.

Maana ya takwimu hizo kwa mkazi wa kawaida ni hii: ukiwa na uvimbe huo, huko peke yako. Katika mtaa wako, msikitini kwako au kanisani kwako, yumkini wapo wengine wenye hali hiyo hiyo wanaoificha chini ya kanzu au suruali pana. Mficha uchi hazai. Aibu ndiyo inayowachelewesha wengi kuliko umbali wa hospitali.

Mkono wa mtabibu hufanya nini?

Uchunguzi wa ngiri huchukua dakika chache, na hauhitaji umeme wala mashine. Mgonjwa husimama wima, na mtabibu hutazama vinena vyote viwili. Humwambia akohoe, au afumbe mdomo na kukaza tumbo kana kwamba anajisaidia. Uvimbe ukijitokeza, au vidole vikihisi msukumo mahali palipo dhaifu, dalili ya kwanza imepatikana. Kisha mgonjwa hulala chali, na mtabibu hutazama kama uvimbe unarudi ndani wenyewe au kwa kusukumwa taratibu.

Uchunguzi huo huo hutenganisha ngiri na busha. Kwa mwenye busha, mtabibu huweza kukutanisha vidole vyake juu ya uvimbe, kwa kuwa maji yamejaa ndani ya mfuko wa korodani tu. Kwa mwenye ngiri iliyoshuka, vidole havikutani juu, kwa sababu mzizi wa uvimbe uko tumboni. Tena, tochi ikiwekwa nyuma ya busha katika chumba chenye giza, mara nyingi mwanga hupita na uvimbe hung'aa kwa wekundu, jambo ambalo kwa kawaida halitokei kwa ngiri ya mtu mzima.

Tofauti hii ina uzito wa pekee katika mkoa wetu. Pwani ni miongoni mwa maeneo ambayo matende na mabusha, maradhi yanayoenezwa na mbu, yamewatesa watu kwa vizazi vingi, na kampeni ya kitaifa ya kugawa dawa za kuyakinga ilianzia katika Wilaya ya Mafia mwaka 2000. Mwanamume mwenye mfuko mkubwa wa korodani hapa kwetu anaweza kuwa na busha, anaweza kuwa na ngiri, na anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Upasuaji wake hutofautiana. Asijipe jina la ugonjwa mwenyewe wala asipewe na jirani; apimwe.

Mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya ngiri ya kinena, uliochapishwa mwaka 2018 na kundi la madaktari bingwa kutoka mabara mbalimbali, unakubaliana na utaratibu huu: pale uvimbe unapoonekana na kushikika waziwazi, uchunguzi wa mkono peke yake unatosha kuamua. Picha huagizwa pale penye shaka.

Altrasaundi hutangulia CT

Shaka ikiwapo, kipimo cha kwanza kwa kawaida ni altrasaundi, kile kile ambacho kina mama wajawazito wanakifahamu. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, bei yake ni nafuu zaidi, na inapatikana katika vituo vingi zaidi kuliko CT. Ina faida nyingine ambayo ni kubwa kwa ngiri: mpimaji anaweza kumtazama mgonjwa akiwa amesimama, akimwambia akohoe, na kuona papo hapo kitu kikisogea ndani ya njia ya kinena. Kasoro yake ni kwamba ubora wa jibu hutegemea sana ujuzi wa mpimaji, na kwamba kwa mtu mnene picha huwa hafifu.

CT ni kitu gani, na inaona nini?

Mashine ya CT ni ya mionzi, ya ukoo mmoja na eksirei, ila hufanya kazi kwa namna tofauti. Mgonjwa hulazwa kwenye kitanda kinachopita katikati ya duara kubwa lililo wazi pande zote mbili. Chanzo cha mionzi humzunguka, vipokezi vilivyo upande wa pili hupima kiasi cha mionzi kilichopita mwilini, na kompyuta hukusanya vipimo hivyo na kuvigeuza kuwa picha za vipande vyembamba, mfano wa mkate uliokatwa slesi. Daktari huweza kutazama slesi moja baada ya nyingine tangu kifuani hadi mapajani.

Msingi wa hesabu zake una uhusiano na bara letu. Mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria suala hilo mwaka 1956 alipokuwa akihudumu katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeijenga mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha mjini London mwezi Oktoba 1971. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja mwaka 1979.

Katika picha ya CT ya kinena, mtaalamu wa radiolojia hutafuta mambo makuu manne. La kwanza ni tundu lenyewe: liko wapi, na ni kubwa kiasi gani. La pili ni aina ya ngiri. Nyuma ya ukuta wa tumbo hupanda mishipa midogo ya damu ambayo hutumika kama alama ya mpaka. Ngiri inayotokea upande wa nje wa mishipa hiyo ni ile inayofuata njia ya korodani, na inayotokea upande wa ndani ni ile iliyotoboa ukuta uliolegea. Ipo pia ngiri ya paja, ambayo hutokeza chini kidogo, kando ya mshipa mkubwa wa damu wa mguu. La tatu ni kilichomo ndani ya uvimbe: mafuta, utumbo mwembamba, utumbo mpana, au hata sehemu ya kibofu cha mkojo. La nne ni hali ya kilichomo: je, utumbo umevimba kuta zake, umekosa damu, umezungukwa na maji, au umeziba hadi sehemu iliyotangulia ikajaa hewa?

Mambo mawili ya mwisho hayawezi kujulikana kwa uhakika kwa vidole peke yake. Hapo ndipo thamani ya CT inapoonekana.

Nani hufaidika na CT?

Kwa kawaida daktari huifikiria CT katika hali zifuatazo:

1. Mgonjwa ana maumivu ya kinena yasiyokwisha, hakuna uvimbe unaoshikika, na altrasaundi haikutoa jibu. Mahali inapopatikana, MRI nayo hutumika kwa wagonjwa wa aina hii.

2. Mgonjwa ni mnene sana, au aliwahi kupasuliwa ngiri hapo awali na makovu yanafanya uchunguzi wa mkono uwe mgumu.

3. Ngiri ni kubwa mno, imeshuka sana, na daktari wa upasuaji anataka kujua kilichomo kabla ya kugusa kisu.

4. Mgonjwa, hasa mwanamke au mzee, ameletwa akiwa anatapika, tumbo limejaa na hapati choo, na sababu haionekani. Ngiri ya paja huwapata zaidi wanawake, huwa ndogo na iliyojificha, nayo huelekea kujibana upesi. CT imewafichulia madaktari wengi ngiri ambayo mkono haukuiona.

5. Daktari anashuku jambo jingine kabisa, kama jipu la ndani, tezi zilizovimba, au uvimbe wa saratani.

Mtu asiyekuwamo katika makundi haya, mathalani kijana mpakiaji wa mizigo mwenye uvimbe unaotoka akisimama na kurudi akilala, amekwisha kutambuliwa kwa mkono. Kumpeleka kwenye CT hakutabadilisha matibabu yake. Kinachomngoja ni mazungumzo kuhusu upasuaji.

Mipaka ya mashine

Ni vema mwananchi afahamu kwamba CT inaweza kupitwa na ngiri. Sababu ni nyepesi: mgonjwa hupigwa picha akiwa amelala chali, na tumekwisha kusema kwamba ngiri nyingi hurudi ndani mtu anapolala. Kwa hiyo mtaalamu anaweza kumwomba mgonjwa akaze tumbo na kuzuia pumzi wakati picha inapigwa, ili ngiri ijitokeze. Mgonjwa afuate maelekezo hayo bila kuona haya.

Majibu yakija yakisema "hakuna ngiri", na wewe unauona uvimbe nyumbani kila jioni, usikate tamaa wala usijione mwongo. Rudi kwa daktari ukiwa umetembea au umefanya kazi, saa ambazo uvimbe hutokea. Ukiweza, piga picha ya uvimbe huo kwa simu yako na umwonyeshe daktari peke yake. Kinyume chake pia hutokea: CT iliyoagizwa kwa sababu nyingine huweza kuonyesha mafuta kidogo katika njia ya kinena kwa mtu asiye na dalili yoyote. Si kila kinachoonekana pichani kinahitaji kisu.

Mionzi nayo ina hesabu yake. Picha ya CT ya tumbo na nyonga humpa mtu mionzi ya takriban milisiveti 8 hadi 10. Eksirei ya kifua hutoa karibu 0.1, na binadamu kwa wastani hupata 2.4 kwa mwaka kutoka katika ardhi, anga na chakula. Kwa hiyo CT moja ni sawa na mionzi ya asili ya miaka mitatu hadi minne. Kwa mtu mzima anayeihitaji kweli, faida yake huzidi hatari hiyo ndogo. Kwa mtoto na mjamzito tahadhari huwa kubwa zaidi. Ngiri ya mtoto kwa kawaida hutambuliwa kwa mkono, na kwa altrasaundi panapokuwa na shaka.

Ukiandikiwa CT, jiandae hivi

Kabla ya siku ya kipimo, mwulize daktari maswali matatu: jibu la kipimo hiki litabadilisha nini katika matibabu yangu? Je, altrasaundi haitoshi? Je, bima yangu inagharamia, au nitalipa kiasi gani? Daktari mwema hataudhika kwa maswali hayo.

Kipimo cha tumbo mara nyingi huambatana na dawa ya kung'arisha picha, yenye iodini, inayochomwa kwenye mshipa. Mweleze mtaalamu kama una mzio wa dawa yoyote, pumu, ugonjwa wa figo, au kisukari, hasa ukiwa unatumia metformini. Huenda ukapimwa damu kwanza ili kuona hali ya figo. Mwanamke aseme kama ana ujauzito au anahisi huenda anao. Fuata maelekezo ya kutokula kwa saa utakazoambiwa, na uache nyumbani mikufu na vitu vya chuma. Dawa inapoingia utahisi joto mwilini na pengine ladha ya chuma mdomoni. Hali hiyo hupita ndani ya dakika chache. Baadaye kunywa maji ya kutosha. Chukua majibu yako pamoja na picha, uzitunze, na uende nazo kila unapohamia hospitali nyingine ili usirudie kipimo bure.

Wakati wa kutosubiri

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Dalili zifuatazo zikimpata mtu mwenye ngiri, ni dharura ya saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana:

- uvimbe uliokuwa ukirudi sasa haurudi, umekuwa mgumu na unauma ukiguswa;
- ngozi iliyo juu yake imebadilika rangi;
- mgonjwa anatapika, tumbo linajaa, hapati choo wala hewa;
- homa, mapigo ya moyo ya haraka, au maumivu makali yaliyoanza ghafla.

Hali hiyo humaanisha kwamba utumbo umebanwa kwenye tundu na damu haipiti. Ndani ya saa chache tu huweza kuanza kufa. Mgonjwa asikandwe uvimbe, asisukumwe kwa nguvu, asipewe chakula wala dawa ya kuharisha. Apelekwe moja kwa moja mahali penye upasuaji. Hapa pia neno kuhusu CT lina nafasi yake: dalili zikiwa wazi, daktari wa upasuaji humwingiza mgonjwa chumba cha upasuaji bila kungoja picha. CT hufanywa pale tu chanzo hakijulikani na hali ya mgonjwa inaruhusu. Ndugu wasishangae wala kulalamika wakiona mgonjwa wao hakupigwa picha. Huenda daktari amemwokolea muda wenye thamani kuliko picha.

Baada ya kutambuliwa

Ngiri ya mtu mzima haiponi kwa vidonge, kwa mizizi, kwa chale wala kwa kufunga mkanda. Dawa ya asili inaweza kumpunguzia mtu maumivu kwa siku kadhaa, lakini haina uwezo wa kuziba tundu. Tiba yake ni upasuaji, na mara nyingi hufanyika kwa ganzi ya mahali hapo au ya uti wa mgongo, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo au kesho yake.

Kwa watu wazima, madaktari wengi huimarisha ukuta kwa kushonea kipande cha wavu maalumu. Bei ya wavu huo imekuwa kikwazo katika nchi nyingi za Afrika, na majirani zetu wa Uganda wameonyesha njia. Utafiti uliofanyika mashariki ya nchi hiyo kwa wanaume 302, na kuchapishwa mwaka 2016, ulilinganisha wavu wa kibiashara na wavu uliotengenezwa kwa kitambaa cha chandarua, kikakatwa na kutakaswa vijidudu kwa utaratibu wa hospitali. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mgonjwa mmoja tu kati ya wote. Hilo si ruhusa ya mtu kujaribu chandarua chake nyumbani. Ni ushahidi kwamba tiba bora haihitaji lazima vifaa vya bei kubwa.

Mwanamume ambaye ngiri yake haimsumbui anaweza, kwa ushauri wa daktari, kusubiri huku akifuatiliwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba ngiri kujibana ghafla kwa wanaume wa aina hiyo ni nadra. Hata hivyo, baada ya miaka kumi wengi wao, takriban 68 katika 100, walikuwa wamekwisha kupasuliwa, hasa kwa sababu maumivu yaliongezeka. Anayeishi mbali na hospitali ya upasuaji, au anayefanya kazi ya nguvu, alitafakari hilo pamoja na daktari wake. Kwa wanawake na watoto, kusubiri kwa kawaida hakushauriwi.

Njia ya mkazi wa Misugusugu

Anza zahanati iliyo karibu nawe. Mtabibu wa zahanati anaweza kufanya uchunguzi wa mkono tuliouelezea na kukuandikia rufaa. Baadhi ya vituo vya afya vina vyumba vya upasuaji, na wagonjwa wengine hutibiwa huko au katika hospitali ya ngazi ya wilaya. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani Tumbi, hapa hapa Kibaha, iliyochipuka kutokana na mradi wa nchi za Nordic wa miaka ya 1960 uliozaa Shirika la Elimu Kibaha. Wenye matatizo makubwa zaidi huweza kupelekwa Muhimbili, Upanga au Mloganzila. Kufuata ngazi hizi kwa barua ya rufaa hukuepusha na gharama na foleni zisizo za lazima. Dalili za dharura hazifuati ngazi. Nenda moja kwa moja.

Mwenye bima aulize kifurushi chake kinagharamia nini kabla ya siku ya kipimo au upasuaji. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo aonane na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kwa kuwa sera ya afya imempa nafasi ya msamaha. Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili apimwe kifua kikuu kabla ya upasuaji, maana kikohozi kisichotibiwa huweza kuufumua mshono.

Mashine ya CT ni msaidizi mzuri wa daktari, na wenye kuihitaji wasiiogope. Wengi wenye ngiri, hata hivyo, hawahitaji kuanzia hapo. Wanahitaji kuvuka kizingiti cha zahanati, kumwambia mtabibu neno moja la kweli, na kukubali kutazamwa. Hatua hiyo haingoji mashine yoyote, na zahanati iko karibu.